Nywele Ambazo Koku Hana

Soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, Jumamosi asubuhi, ukisimama bila shughuli utagongwa tu. Na ukigongwa usitegemee pole. Utaambiwa "Pisha njia!" na gunia la dagaa litakupita sikioni. Sasa Yeremia Maige yeye alikuwa amesimama katikati kabisa ya njia, simu kainua usoni, anarekodi miguu ya akina mama.

Msimfikirie vibaya mapema hivi, sababu zitakuja. Kijana alikuwa kazini. Kazi yake ilikuwa katuni, si zile za gazetini, ni zile zinazotembea na kuongea. Alikuwa amepewa katuni fupi ya kuwakumbusha wauza samaki kunawa mikono, na ili mama wa kwenye katuni atembee kama mama wa Mwaloni, lazima kwanza umwone mama wa Mwaloni anavyobeba beseni. Maige alikuwa mtu wa namna hiyo enzi hizo, anaangalia kwanza ndipo anachora. Likumbukeni hilo, maana mbele huko litaniudhi sana.

"Wewe kaka! Unanirekodi mimi?"

Aliyeuliza alikuwa dada mfupi, nywele kazikata fupi kabisa, miwani ya fremu nyekundu puani, kitenge cha njano kakifunga juu ya suruali ya jinzi isilowe. Mkononi sato wawili walining'inia kwenye kamba, wabichi, bado wanadondosha maji.

"Sikurekodi wewe dada yangu, narekodi miguu."

"Miguu ya nani? Hii hapa si yangu?"

Akina mama wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti kutoka kwenye meza ya sangara, "Mkamateni huyo, kesho mtajiona mtandaoni!"

"Dada, naomba nikueleze..."

"Futa kwanza. Maelezo baadaye."

Maige akafuta.

"Na kule kwenye takataka za simu. Usinione nimebeba samaki ukadhani mimi mshamba. Futa na kule."

Akafuta na kule, uso umemwiva.

"Haya. Sasa apa kwamba hutanirekodi tena mpaka mimi mwenyewe nikwambie."

"Naapa."

"Unaitwa nani wewe mwizi wa miguu?"

Hivyo ndivyo Yeremia Maige, Msukuma wa Kisesa, alivyokutana na Kokuberwa, ambaye kila mtu alimwita Koku, Mhaya wa Muleba anayeishi Buswelu kwa shangazi yake. Chai alinunua Maige, kwa ajili ya kuomba radhi. Wakakaa kwenye benchi la mama lishe, na pale, akitumia njiti za kiberiti, akamweleza kazi yake.

"Kikaragosi hakichorwi kizima," alisema. "Kichwa mbali, mkono mbali, mguu mbali, halafu unaviunga. Ukitaka apunge mkono, hapa unamwekea mkono uko chini." Akalaza njiti. "Halafu mbele kidogo, hapa, unamwekea uko juu." Akasimamisha nyingine. "Hizo mbili tunaziita vifremu. Hizo ndizo kazi yangu. Za katikati kompyuta inajaza yenyewe."

"Kwa hiyo wewe unaweka mwanzo na mwisho, katikati unaiachia mashine?"

"Eeh."

"Mvivu wewe!"

Wakacheka wote wawili. Maige alicheka zaidi, na laiti angejua, asingecheka.

* * *

Mapenzi yakaanza, na yalianzia kwenye simu kama yanavyoanza siku hizi.

"Msukuma wangu, umekula?"

"Nimekula michembe, viazi vyetu vikavu, na chai."

"Mawe, mama yangu! Mtu mzima na kompyuta yake, anakula michembe."

"Na wewe nshomile wangu, umekula nini?"

"Ndizi na maharage. Chakula cha watu waliosoma."

"Umenikumbuka lakini?"

"Nikukumbuke wewe una nini? Hebu ngoja, mteja kaja. Nakupenda. Kwaheri." Na simu inakatwa.

Koku alikuwa anapima macho kwenye duka la miwani, mjini, Barabara ya Nyerere. Kutwa nzima alikaa na watu kwenye kichumba chenye giza, akiwabadilishia lenzi na kuuliza, hii au hii? Ipi inaonekana vizuri? Jioni Maige alimfuata dukani, wakashuka pamoja mpaka ufukweni kwenye upepo wa ziwa, Koku akila mahindi ya kuchoma na Maige akiongea. Nasisitiza, akiongea. Alipenda kusimulia kazi zake, wateja wake, mipango yake. Koku alimsikiliza kwa moyo wote.

Swali moja tu ndilo lililomkaa Koku rohoni. Kulikuwa na katuni moja ya Maige iliyopata jina mji mzima, tangazo la saluni ya mwanamke anayeitwa Selina. Kikaragosi cha Selina kilikuwa kinatembea, kinashika kiuno, kinarusha rasta zake ndefu nyuma ya bega, kinageuka na kukukonyeza jicho la kushoto. Hakuna simu ya Mwanza ambayo haikuwa nayo. Hata watoto wa shule walikuwa wanarusha shingo vilevile barabarani.

"Yule Selina wa saluni," Koku alimuuliza siku moja, "ulimjulia wapi?"

"Yule? Mteja tu."

Uongo! Selina alikuwa mpenzi wake, tena si wa siri, watu walishaanza kuuliza harusi lini. Waliachana kwa amani, kila mtu akashika njia yake, wala hapakuwa na cha kuficha. Lakini Maige aliona akisema ukweli ataulizwa maswali, na jioni ilikuwa nzuri, mahindi bado ya moto. Akasema mteja tu, na Koku akaamini.

* * *

Siku ya kuvishana pete ikapangwa, nyumbani kwa shangazi, Buswelu. Shangazi Prudencia alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mrefu anayeongea polepole, na ndiye aliyemlea Koku tangu akiwa mdogo. Kumpata Koku ilikuwa ni kumpata yeye kwanza.

"Mpenzi," Koku alisema kwenye simu, "nina ombi moja tu siku hiyo. Nitengenezee katuni yetu. Ya Mwaloni, mimi na samaki wangu. Tuioneshe ukutani kabla hujanivika."

"Nitakutengenezea mpaka ulie, mke wangu."

"Kweli?"

"Kwani nimewahi kukuangusha?"

Alianza vizuri, tusimnyime haki yake. Uso wa Koku aliuchora kwa upendo, miwani nyekundu, kitenge cha njano, sato na magamba yao. Ukiangalia picha ilivyosimama unasema ni yeye mtupu. Kilichobaki ni mwendo, na mwendo ndiyo kazi yenyewe. Kazi za wateja zikambana. Akasema kesho, na kesho akasema kesho. Mpaka mchana wa siku ya mwisho, Koku wa kwenye kompyuta bado amesimama mikono chini, hajapiga hata hatua.

Hapo ndipo Maige alipofungua katuni ya zamani ya Selina. Akavichukua vifremu vyote, mguu, kiuno, bega, shingo, jicho. Akavinakili. Akavibandika juu ya Koku.

Na Koku akatembea! Akashika kiuno, akageuka, akakonyeza. Maige alikuwa anakula chipsi huku akitazama, mkono mmoja kwenye sahani. Aliona vizuri kwamba kikaragosi chake, chenye nywele fupi zisizofika hata sikioni, kinarusha nyuma ya bega nywele ambazo hakina. Aliona. Akasema moyoni, watadhani anafukuza nzi, Mwaloni nzi wapo. Akafunga kompyuta akaenda kuchukua suti yake kwa dobi.

Mimi hapo natamani ningekuwepo nimvute sikio.

* * *

Buswelu siku hiyo palipendeza. Turubai jeupe uani, viti vimevalishwa vitambaa, harusi nyingine hazifikii. Koku alivaa gauni la lesi rangi ya maziwa, shingoni shanga za bibi yake, na nywele zake fupi zimepakwa mafuta zinang'aa. Shangazi Prudencia alikuwa ndani ya gauni la gomesi la zambarau. Wakwe walitoka Kisesa wakiongozwa na Mzee Mashimba, baba mdogo wa Maige, amevaa suti iliyomzidi mabega, na alikuwa amejiandaa na maneno yake tangu nyumbani.

Baada ya salamu na utani wa Wasukuma na Wahaya, mshereheshaji akatangaza zawadi ya bwana kwa bibi. Ukuta ukawaka.

Mwaloni ikatokea, mitumbwi, meza za samaki, ziwa nyuma. Watu wakashangilia. Koku wa kwenye ukuta akatokea na sato wake, vigelegele vikapigwa, na Koku mwenyewe akaziba mdomo kwa furaha. Halafu kikaragosi kikaanza kutembea. Kikashika kiuno. Kikarusha shingo, nywele zisizokuwepo zikaenda nyuma ya bega. Kikageuka, na nyuma ya miwani nyekundu kikakonyeza jicho la kushoto.

Halafu mama mmoja wa kwenye kamati akasema kwa sauti, bila nia mbaya wala nini, "He! Si Selina huyu? Selina wa saluni!"

Kicheko kililipuka. Vijana wa nyuma wakaanza kurusha shingo. Mwingine akadakia, "Si ndiye alikuwa mchumba wake yule kabla?" na hilo nalo likasikika mpaka meza kuu.

Maige akakimbilia kompyuta azime. Kwa pupa, badala ya kuzima akairudisha mwanzo. Koku wa ukutani akatembea tena, akarusha tena, akakonyeza tena, na watu wakaangua kicheko tena. Alipoweza kuisimamisha ikaganda palepale, jicho limefumbwa, mkono kiunoni.

Koku hakupiga kelele. Aliinua mkono akagusa kichwa chake mwenyewe, pale kwenye nywele fupi, akaupitisha taratibu mpaka shingoni. Akamtazama Maige.

"Mteja tu," alisema. Akaingia ndani akafunga mlango.

Shangazi Prudencia akasimama. "Mzee Mashimba, ndugu zetu wa Kisesa, asanteni kwa kuja. Chakula kipo, mle mshibe. Pete mtarudi nayo."

Mzee Mashimba hakula. Gari lilipofika barabara kuu, akamgeukia Maige aliyekuwa amejikunja dirishani. "Ng'wanawane, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "umetuvua nguo mbele za watu."

* * *

Aibu ina namna yake ya kumla mtu. Maige aliacha kupita njia za kawaida, maana kila anayemjua akimwona anarusha shingo. Mtu alikuwa amerekodi tukio lote pale uani na sasa lilikuwa linazunguka kwenye simu. Alilitazama mara moja tu, akaona uso wa Koku mkono ukiwa kichwani, akaizima simu akaitupa kitandani.

Alipoiwasha, wa kwanza kupiga alikuwa Selina.

"Yeremia, wewe ni mtu wa aina gani? Nani alikuruhusu kumpa mwanamke mwingine mwendo wangu?"

"Selina, nisamehe."

"Wateja wanakuja hapa kunicheka. Na yule binti wa watu kakukosea nini? Kamwombe radhi yeye, si mimi." Akakata.

Koku alipigiwa hakupokea. Akapigiwa tena. Siku moja akapokea.

"Koku mpenzi..."

"Swali moja. Unampenda bado?"

"Hapana! Wallahi hapana."

"Basi kwa nini yuko mikononi mwako?"

Jibu Maige alikuwa nalo, ila lilikuwa jibu la aibu kuliko lile ambalo Koku aliliogopa, akalimeza.

"Umeona?" Koku alisema. "Usinipigie tena, Yeremia."

Hakuwa amewahi kumwita Yeremia.

Mchana mmoja Maige akajikaza, akafungua ile kazi. Akafuta vifremu vyote vya Selina. Koku akabaki amesimama mbele yake, mikono chini, kimya. Haya, akasema, nitamfanya upya, nitamfanya yeye mwenyewe. Akashika mkono wa kikaragosi ausogeze ukasukume miwani, maana Koku miwani yake huwa inashuka puani. Akakwama. Anaisukuma kwa mkono gani? Kwa kidole au kwa kiganja? Akaacha mkono, akaenda kwenye miguu. Anatembea vipi? Haraka? Anaburuza? Akicheka anainama au anarudi nyuma?

Hakujua. Ndugu zangu, jioni ngapi ufukweni, na hakujua! Anavyofunga mdomo akikasirika, hakujua. Angeambiwa amchore Selina anavyovua kiatu angechora macho yamefumbwa, maana wakati ule alikuwa anaangalia. Huyu aliyetaka kumwoa alikuwa hajamtazama, alikuwa anamwongelesha tu. Akalaza kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, na jirani akagonga ukuta kuuliza kuna msiba?

Wazo la kwanza likawa aende Mwaloni Jumamosi, ajifiche nyuma ya magunia, amrekodi. Akaona haya kwa kuliwaza tu. Aliapa.

* * *

Basi akaenda dukani kama mgonjwa. Akajiandikisha, akakaa kwenye foleni. Hellen, anayepokea wateja pale, akamwangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Una shida gani?"

"Macho."

"Hilo tunalijua," Hellen alisema, na akampitisha.

Koku alikuwa amevaa koti jeupe. Hakushtuka, au kama alishtuka hakuonesha.

"Kaa hapo. Kidevu hapa. Funika jicho la kushoto. Soma."

"Koku, nimekuja..."

"Nje kuna watu wanasubiri. Soma ubao."

"E. F. P... hiyo ya chini sioni."

"Sasa jicho la kulia. Soma."

Maige akashusha mkono. "Sijakuja kukudanganya. Uliniuliza kwa nini yuko mikononi mwangu. Hayumo. Nilichelewa kazi yako, nikachukua mwendo wake nikakubandika wewe. Nilikuwa nakula chipsi. Niliona umerusha nywele ambazo huna, nikasema watadhani ni nzi."

Koku alisimama na lenzi mkononi.

"Nzi?"

"Nzi."

"Ina maana haikuwa mapenzi. Ilikuwa uvivu."

"Ndiyo."

"Bora ungeniambia unampenda," Koku alisema taratibu. "Mtu akipenda mwingine nitalia, nitanyamaza. Sasa mimi nikawaambie nini watu, kwamba nilikosa hata mchana mmoja wa mchumba wangu?"

"Na kuna baya zaidi. Nimejaribu kukufanya upya. Nimeshindwa. Sikujui unavyotembea, Koku. Mwaka mzima niko na wewe na sijui unasukuma miwani kwa mkono gani."

Machozi yalimlenga Koku nyuma ya miwani. Mikono yote miwili ilikuwa na lenzi, na lenzi haziguswi ovyo, basi akainua kifundo cha mkono wa kushoto, akaisukuma miwani kwa nyuma ya kifundo. Maige akaona. Kwa mara ya kwanza akaona, na aibu ikampanda upya mpaka masikioni, kwa sababu alijua amewahi kuonyeshwa hilo mara elfu.

"Na ulidanganya kuhusu mteja," Koku alisema.

"Nilidanganya. Nilikuwa mpenzi wake."

"Soma ubao."

Akasoma. Hakuona hata nusu yake. Koku akaandika vipimo bila kuinua uso. "Macho yako mabovu kweli. Miwani itakuwa tayari wiki ijayo. Mwingine aingie!"

Wiki ijayo alikuwa wa kwanza mlangoni. Koku mwenyewe ndiye aliyemvalisha ile miwani, akairekebisha nyuma ya masikio, karibu kabisa, Maige anaisikia pumzi yake.

"Inabana?"

"Hapana. Koku, una kidoti hapa chini ya sikio."

"Nilizaliwa nacho."

Akarudi nyuma, akakunja mikono. Akafunga mdomo, ule mdomo wa juu ukimeza wa chini, na Maige akajua hivyo ndivyo anavyokasirika kabla hajasema.

"Simu iko wapi?"

"Mfukoni."

"Ibaki humo humo. Niangalie."

Akatembea kutoka kaunta mpaka mlangoni. Mguu wa kulia ulitangulia, haraka, kisigino kikigonga, bega moja mbele kama mtu anayepenya kwenye watu. Akageuka kwa kichwa kwanza, mwili ukafuata. Akarudi. Hellen aliacha kuandika.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Hujaona. Tena." Akaenda tena, akarudi tena. Wateja kwenye benchi wakawa wanamtazama yeye, wanamtazama Maige, kama watu walio kwenye mpira. Maige hakupepesa. Machozi yalimtoka akaacha yatoke. "Haya nenda," Koku alisema. "Ukimaliza niite. Sijasema nimekusamehe."

* * *

Akafanya kazi. Safari hii hakunakili hata kidole. Hatua kwa hatua, kifremu kwa kifremu, hata zile za katikati ambazo kompyuta hujaza yenyewe alizishika kwa mkono akazirekebisha, maana mashine haijui kwamba bega la Koku hutangulia.

Alipomaliza akamwita, na Koku akaja kwake na Shangazi Prudencia. Maige akamwamkia shangazi shikamoo akiwa ameinama, akaitikiwa marahaba fupi isiyo na sukari. Wakakaa. Akawasha.

Dada wa kitenge cha njano akapenya katikati ya magunia, bega mbele. Miwani ikashuka. Mikono ina samaki, akaisukuma kwa nyuma ya kifundo. Akamwona kijana mwenye simu. Akameza mdomo wa chini.

"Ni yeye," alisema Shangazi Prudencia. "Hata anavyokasirika. Mama yake alikuwa hivyo hivyo." Akatoa kitambaa akajifuta pua, akajifanya ni vumbi.

Kikaragosi kikamfikia kijana, kikasimama mbele yake, kikaganda.

"Imekwama?" Koku akauliza.

"Haijakwama. Kifremu cha mwisho sijakiweka. Sijui utafanya nini, na sitaki kukuwekea mimi."

Koku akavuta kiti. "Nioneshe nashika wapi."

Akamwonesha. Koku akashika mkono wa kikaragosi chake, akauinua juu, hivi, nyuma kabisa. Akasogea mbele kidogo, akaushusha mpaka kwenye shavu la kijana. Akabonyeza. Paa! Koku wa kwenye kompyuta akamchapa Maige kofi, sato wakaruka. Koku akaangua kicheko, kicheko cha kurudi nyuma mpaka kiti kikalalamika. Akabonyeza tena. Na tena. Shangazi naye akacheka mpaka kilemba kikakaa upande.

"Sawa," Maige alisema, anatabasamu kwa aibu. "Sasa nikifute tuweke cha kweli."

"Ufute nini? Hicho ndicho cha kweli. Na hiyo ndiyo itakayooneshwa Buswelu."

"Mbele ya baba mdogo?"

"Mbele ya wale wale walionicheka mimi."

Maige akafikiria uani kwa shangazi, mama wa kamati, vijana wa nyuma, suti ya Mzee Mashimba. Uso ukamwaka moto.

"Sawa, mke wangu," alisema.

"Bado sijawa mke wako."

* * *

Turubai lilikuwa lilelile na watu walikuwa walewale, tena wengine wameongezeka, maana habari husafiri. Ukuta ukawaka. Vijana wa nyuma walikuwa wameshaandaa shingo zao. Lakini dada wa ukutani alipopenya kwa bega na kusukuma miwani, vicheko vikakosa pa kushika. "Koku!" mtu akaita. "Ni Koku huyo!" Vigelegele vikapanda.

Halafu kofi likalia.

Uani pote palilipuka. Mzee Mashimba alicheka akapiga mapaja, mama wa kamati akadondosha glasi. Maige alikuwa amesimama mbele yao ndani ya suti yake, kila mtu akimnyooshea kidole, na hakukimbilia kompyuta kuizima. Aliiacha irudie, akasimama pale akachekwa mpaka wakachoka.

Koku akaja kutoka meza kuu, mguu wa kulia ukitangulia, miwani imeshuka puani. Akaisukuma kwa nyuma ya kifundo, halafu mkono huo huo akaunyoosha mbele yake.

"Haya, nivishe," alisema. "Na uangalie unachofanya."